Sauti ya Dada Ndani ya Kabati la Diski

Pale kituo cha redio walimwita Mama Waya, na jina lilimkaa kweli. Mfukoni mwake ungekuta koleo, tepu na vipande vya kebo, lakini leso ya kujifutia jasho hana. Ndiye aliyezitunza mashine zote, na kama kuna kitu alikichukia duniani, ni diski ngeni. Zamani mtu aliwahi kuwaletea moja yenye virusi, kituo kikawa bubu kutwa nzima, lawama zote zikamwangukia yeye. Tangu hapo akaweka sheria: diski yoyote inayounganishwa na seva, kompyuta kuu ya kituo, isafishwe kwanza, iwe tupu kabisa. Aliirudia asubuhi na jioni, mpaka watu wakawa wanamwigiza akishapita.

Mwenzake wa chumba cha mashine hakuwahi kumwigiza. Bwana huyo walimbandika jina Ndiyo Mama, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Ungemwambia apande ukuta, angekuuliza ukuta upi.

Sasa, dada mkubwa wa Mama Waya alikuwa mtangazaji wa kituo hichohicho, na enzi zake watu waliacha sufuria ziungue jikoni ili wamsikilize. Ugonjwa wa koo ukamshika, akapasuliwa, akapona bila sauti. Mjukuu wake alizaliwa baadaye, na mtoto yule aliamini kabisa kwamba bibi yake hajawahi kusema tangu aumbwe. Jambo hilo lilimuuma dada kuliko kisu cha daktari. Vipindi vyake vyote vilikuwa ndani ya kabati la zamani la diski ambalo seva yake ilishakufa. Kanda za awali zilitupwa, eti zinajaza nafasi. Mama Waya alimwomba mkuu wa kituo ruhusa mpaka mkuu akachoka kumkwepa. Ndipo akakubaliwa kuliunganisha kabati na seva mpya, ile kubwa moja inayofanya kazi ya kompyuta kadhaa.

Siku hiyo mkono wake ulikuwa mwepesi. Akafuta vumbi, akapitisha kebo kutoka kwenye kabati hadi kwenye seva, akaiandikia seva anwani ya kabati, akasubiri huku ameuma mdomo. Taa zikawaka kijani, na skrini ikaonyesha kwamba seva imeiona diski. Alitaka kulia. Hakufungua chochote, maana alitaka dada awe wa kwanza kusikia. Akamwambia Ndiyo Mama kwamba kazi iliyobaki ni ndogo tu, anakwenda kumchukua dada nyumbani, akatoka mbio na umri wake ule.

Jamani, furaha nayo hulevya. Hakukumbuka kumwambia asiguse.

Dada alikuwa keshajiandaa. Alivaa gauni lake la kazini la zamani, na ndani ya mkoba alitia flashi ya kumpelekea mjukuu. Njia nzima mikono yake haikutulia, akieleza kwa ishara waanze na kipindi gani. Mama Waya akamtania kwamba hata bila sauti anaongea kuliko ukoo mzima.

Walipoingia, Ndiyo Mama alisimama, akamwamkia dada kwa heshima zote. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Nimekumalizia kazi, Mama," akasema. "Seva iliuliza kama diski ibaki na vitu vyake au isafishwe. Nimesafisha kwanza, kama unavyotufundisha."

Mama Waya alijua maana yake. Kabati lile lilifungia kila kitu kwa ufunguo wa siri, na likisafishwa huutupa ufunguo wenyewe. Hakuna fundi wa kuurudisha, na bila huo hakuna kinachofunguka. Hata hivyo alikaa mbele ya skrini akabonyeza hapa na pale. Kabati zima, hamna kosa, nafasi yote wazi. Alitaka kumtukana yule bwana. Angemtukana kwa lipi? Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake alikuwa ameketi nyuma yake, anavuta kiti karibu na meza.

Alipogeuka, dada alikuwa ameshavaa hedifoni kubwa za studio. Flashi ameiweka mezani. Amenyoosha mgongo na kuinua kidole kimoja, kama alivyokuwa akikiinua zamani kumwashiria fundi mitambo kwamba yuko tayari.

"Dada," akasema Mama Waya, "haimo. Sauti yako haimo tena."

Dada akatabasamu, kidole bado kiko juu. Hedifoni zile zilikuwa nzito, hazipitishi neno la nje.

Mama Waya akamsogelea, akainua upande mmoja wa hedifoni kutoka sikioni mwake, akasema tena.