Mama Hesabu na Kikopo cha Muuza Nyama

Jengo zima lilimwita Mama Hesabu. Alikaa ndani ya maabara, nyuma ya dirisha la kupokelea vikopo, na jozi mbili za miwani, moja puani, moja kichwani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akihesabu mbegu za wanaume, wala hakuona haya kulisema, hata harusini. "Nahesabu watoto kabla hawajawa watoto," aliwajibu waliouliza, na meza nzima ikajifanya inatafuta vijiko.

Alikuwa na utaratibu wake. Mbegu mia mbili kwenye kioo cha kwanza, mia mbili kwenye cha pili, kidole gumba kikibonyeza kihesabio. Majibu ya vioo viwili yakipishana sana, alivitupa vyote akaanza upya. Wenzake walimwambia anajitesa bure. Yeye akasema haraka haraka haina baraka, na kwenye kazi hii haina hata mtoto. Hakuna karatasi yenye sahihi yake iliyowahi kurudishwa kwa kosa, na sifa hiyo aliivaa kama wengine wanavyovaa dhahabu.

Jumatatu moja alipokea kikopo cha muuza nyama mmoja. Chini ya darubini mbegu zilikuwa tele, vichwa vyake kama yai, mikia mirefu, lakini hakuna hata moja iliyotikisika. Akadondosha tone la rangi nyekundu. Mbegu hai huikataa rangi hiyo, iliyokufa huinywa. Zote zikawa nyekundu.

"Andika tu, mama," alisema msimamizi wa maabara, akichungulia begani kwake. "Zote zimekufa. Hata karatasi yake ya hospitali nyingine inasema hivyohivyo."

"Mwanangu, duka likiwa tupu naelewa, bidhaa hazijafika. Lakini duka limejaa, na wauzaji wote wamefia ndani kwa pamoja? Hapo naita polisi kabla ya kumwita mchimba kaburi."

Akavua glavu, akanawa, akatoka.

Muuza nyama alikuwa kwenye benchi la korido pamoja na mkewe, sanduku la bluu katikati ya miguu yake. Alikuwa na mikono minene ya mtu anayebeba paja zima la ng'ombe peke yake.

"Mama, kama ni yaleyale niambie tu," alisema. "Mimi nimeshaamua."

"Umeamua nini?"

Mke ndiye aliyejibu. "Kuniacha. Eti ananihurumia, nikatafute mwanamume wa kunizalisha. Miaka saba ya ndoa, ananirudisha kwetu kama chupa ya soda!"

"Ni kwa sababu nakupenda."

"Basi nipende nikiwa nyumbani kwangu."

Mama Hesabu akaketi kati yao. "Kikopo ulikibebaje, baba?"

Uso wa muuza nyama ukang'aa kwa mara ya kwanza. Hapo alikuwa ameulizwa fani yake. "Vizuri kabisa! Nyumbani, papo hapo, nikakitumbukiza kwenye barafu. Mimi mtu wa bucha, mama. Kitu cha mwilini kikipata joto kinaoza. Mara ya kwanza pia nilifanya hivyo. Nikifika dirishani nakipangusa maji, nakikabidhi kikavu." Akafunua sanduku waone barafu.

Mama Hesabu alijiuma mdomo ili asicheke. "Hiyo ni nyama, baba. Nyama imeshakufa, baridi haiitishi. Mbegu ziko hai. Hubebwa karibu na ngozi, kwa joto la mwili, na kunifikia kabla ya saa moja kupita."

"Kwa hiyo nimeziua mwenyewe?"

"Mara mbili," alisema mkewe, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

"Sijasema u mzima," Mama Hesabu alionya. "Nimesema sijui, na nisichokijua sikitii sahihi. Kosa ni letu pia, dirishani hatukukuuliza. Kaa siku tatu bila kukutana na mkeo, kisha rudi. Kikopo utakijazia hapahapa, chumba cha mwisho."

"Lakini mimi nina nguvu, mama. Hata mke wangu ni shahidi."

"Nguvu ni nguvu, mbegu ni mbegu. Nimeona wapiga ngumi wasio na hata moja, na vizee vya kukohoa vyenye mamilioni."

Alhamisi kikopo kilimfikia kingali vuguvugu. Akasubiri nusu saa shahawa ziyeyuke, akainamia darubini. Zilikuwa zinaogelea. Kioo cha kwanza, hamsini na tatu katika kila mia. Cha pili, hamsini na moja. Akampisha msimamizi kitini bila kumtajia kitu. Yule akahesabu kimya, akainua kichwa. "Hamsini na mbili, mama." Tangu siku hiyo, hakuna kikopo kilichopokelewa dirishani bila mwenyewe kuulizwa alikibebaje.

Koridoni, mume na mke wakiwa benchini, alizungumza kwa sauti ya chini, kwani majibu ya mtu huambiwa mwenyewe. "Wingi upo, mwendo upo, umbo linatosha. Karatasi hii haiwaahidi mtoto, baba. Daktari atawapima wote wawili na kuendelea. Ila sababu yako ya kumwacha huyu, nimeitafuta humu, haimo."

Muuza nyama alishika karatasi kwa mikono miwili. "Sasa nitamwambia nini mke wangu, baada ya yote niliyosema?"

"Hilo darubini haionyeshi."

Mke alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Utaniomba msamaha njiani. Anza hapo mlangoni, uendelee mpaka kwetu. Na kwetu ni kule ninakolala na wewe."

Mama Hesabu alisimama akiwatazama, mume akinong'ona, mke akiitikia "endelea, nakusikia," mpaka wakapinda kona. Kisha akashusha miwani ya kichwani, akarudi ndani kifua mbele.