Siku Mtani Alipoacha Utani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja hapa mtaani kwetu Isevya, Bi Mwajuma alipoingia uani kwangu bila hodi. Alikuwa Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na kila akija alipaza sauti: "Mpagazi wangu yuko wapi? Au mzigo umemshinda?" Mume wangu Maganga alimjibu papo hapo, tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Siku hiyo kikombe cha chai kilimponyoka Maganga. Akataka kujibu, maneno yakagoma. Mimi nikacheka, nikidhani anaigiza. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiamka kichwa kinamgonga, anatapika, nami nampa vidonge vya dukani. Nani asiyeumwa kichwa?

Bi Mwajuma hakucheka. "We binti, funga meno! Leo mie si mtani, ni mama yako. Mpeleke akapigwe picha ya kichwa, leo hii!"

Nilinuna, loh! Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukapanda treni, maana mashine ya siti skani, ile ipigayo picha ya ndani ya kichwa, ilikuwa mbali wakati ule. Siku hizi imesogea karibu. Maganga akalazwa ndani ya duara la ile mashine, akatulia tuli. Daktari akatuonyesha uvimbe, umeusukuma ubongo upande mmoja.

"Picha inanitia shaka kuwa ni ule mkali, wa saratani," akasema, "ila hakika tutaipata tukikata kinyama cha uvimbe tukakipima."

Wakampasua, wakapima. Ulikuwa mkali kweli. Niliumia, mwanangu, lakini baada ya upasuaji maneno yalimrudia kwa muda. Tulipofika nyumbani akamwambia Bi Mwajuma, "Mpagazi nimerudi. Mzigo bado ninao." Yule mama akageuka ukutani akalia.

Maganga hakuyaona mavuno. Msibani Bi Mwajuma alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, kama watani wafanyavyo, nami nikacheka huku nalia. Sasa naye kamfuata Maganga. Nafagia ua asubuhi, natega sikio mlangoni. Wote wanaokuja siku hizi wanabisha hodi.

Basi nisikilize. Kichwa kinachokuamsha kila alfajiri ukitapika, mkono unaolegea, ulimi unaopotea njia, usivitibu kwa vidonge vya dukani wala kwa kicheko. Wahi hospitali, uliza kama picha inahitajika. Ukweli hata ukiwa mchungu, hukupa nafasi ya kuagana.

Mungu akujalie mtani wa kukuchekesha maisha yako yote, na akupe sikio la kumsikia siku atakapoacha utani.