Karani Mwenye Unyevu

Wanunuzi binafsi walipoanza kufuata kahawa mpaka milangoni kwa wakulima, ghala letu la ushirika lilibaki tupu. Bosi hakutaka kusikia. Kila asubuhi tulifungua milango, mimi karani nikafuta mizani, tukakaa kusubiri wakulima ambao hata salamu walitupungia kwa mbali. Kazi ya bosi ilikuwa kukataa kahawa yenye unyevu, na mikono ilikuwa inamwasha.

Siku moja nilifika kwa miguu kutoka Bulyaga nimelowa chapachapa, maana mvua ya Tukuyu haina adabu. Bosi akanipandisha kwenye mizani, akanipapasa kola, akatikisa kichwa.

“Una unyevu wewe. Rudi nyumbani ukaanikwe, uje ukishakauka.”

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

“Sawa, mzee,” nikasema, nikaenda zangu.

Mpaka leo sijakauka.