Kibali cha Khitma

Wewe msomaji, umewahi kuomba ruhusa ya kumwombea dua mwanao? Juzi bomani Mbeya nilisimama nyuma ya bibi mmoja, ameshikwa mkono na mwanawe mkubwa. Khitma ya arobaini ya mwanawe mdogo ilikuwa kesho yake, mchele umeshapepetwa, wageni wa Iringa wamo njiani, na boma limeipiga marufuku. Marehemu alikuwa na kadi ya chama cha upinzani, na kwa sheria mpya hakuna mkutano bila kibali.

“Mkutano gani, mwanangu?” bibi alimuuliza karani. “Watu wanasoma Kurani, wanakula pilau, wanakwenda zao.”

“Na kabla ya pilau watasema nini?”

“Watasema amina.”

Tulicheka kwenye foleni, kisha tukamwona askari mlangoni, tukanyamaza.

“Wakikutana, wote ndani,” karani alisema. Akamwonyesha karatasi yenye majina ya wasomaji wote, hata la kipofu mmoja wa Ilomba.

Serikali inadhani sheria hii itahitaji askari wengi. Haihitaji. Hofu yetu inaifanyia kazi bila mshahara.

“Majina haya kayaleta nani?” bibi aliuliza. “Mimi sikuomba kibali.”

Karani alimtazama yule mwana mkubwa, naye akauachia mkono wa mama yake.

“Ni mimi, mama,” alisema. “Niliogopa watatukuta bila kibali, nikaja kuomba, nikawaandikia na majina.”