Denise Anabisha Hodi Jikoni

Jocelyne alisema Denise amerudi kichaa. Aliyasema hayo katika saluni yake pale chini ya jengo letu, kitana mdomoni, kichwa cha mteja mikononi, na wanawake wanne wakisikiliza. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima wa Yeoville ulikuwa na habari.

"Ameniandikia ujumbe kwenye simu," akasema. "Ananiuliza kama anaweza kupita kwangu saa tisa. Mimi, Jocelyne! Mlango wangu ni pazia! Na alikuwa amesimama hapo hapo nje, naiona miguu yake chini ya pazia!"

"Labda ni adabu ya Ulaya," nikasema.

"Adabu gani? Mama Lambert, mtu akiomba ruhusa ya kusalimia, huyo ameshalogwa. Huko kijijini Uingereza wamemlisha kitu."

Nilimwacha aseme, kwa sababu mwanangu Lambert alikuwa ameanza kulia mgongoni, na pia kwa sababu nusu ya maneno yake ningeweza kuyasema mimi. Denise yuko kwangu wiki ya pili sasa. Anabisha hodi jikoni. Jiko langu halina mlango, kwa hiyo anagonga ukuta. "Samahani, naweza kuchukua maji?" Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano nikamwambia, "Dada, maji ni ya bomba, chota hata ndoo nzima, lakini usinigongee ukuta, Lambert anaamka." Akasema samahani. Siku ya sita akagonga polepole zaidi.

Eish. Nilikuwa nataka kumrushia mwiko.

Maana Denise ninayemjua mimi si huyu. Tulifika Johannesburg mwaka mmoja, yeye akitokea Uvira, mimi Bukavu, huko Kongo. Alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, kwenye kona, karibu na robot za kuongozea magari, na alikuwa na sauti ambayo mteja aliye ng'ambo ya barabara aliisikia akageuka, hata kama hakupanga kununua. Madereva wa teksi wakipiga honi, yeye aliwashinda. Siku akiumwa koo, watu walipanda ngazi kuuliza kama amekufa.

Kisha akapata kazi ya kumtunza mzee mmoja katika kijiji cha Uingereza. Akaniachia binti yake, Héritière, akiwa na miaka mitano. "Miezi sita tu," alisema. Imekuwa miaka miwili na nusu. Mtoto ananiita mimi Mama. Aliyemzaa ndiye anayeitwa Tantine Denise, yaani shangazi, na kila akiitwa hivyo Denise anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa makaratasi ya mtoto yametoka. Alhamisi wanaondoka. Sweta nene nimeshalinunua, tena ni mimi niliyempima mabegani, na Denise akakaa pembeni akitazama kama mgeni aliyekuja kuona nguo za watu wengine.

Nilimuuliza huko anakompeleka mtoto kukoje.

"Kumetulia," akasema.

"Hilo ulishaniambia kwenye simu mara mia. Kumetulia halafu?"

Tulikuwa tunachambua maharage. Alichambua karibu sinia nzima kabla hajajibu.

"Kuna nyumba kumi na moja. Kuna kanisa, kengele inalia, watu hawaingii. Kuna farasi wamevaa makoti."

"Makoti?"

"Makoti, ya kufunga kwa vifungo. Basi linapita mara mbili kwa wiki. Mimi naenda dukani kwa miguu, na kuna mama mmoja ana gari la kijani. Siku ya kwanza alisimama, akashusha kioo, akaniuliza kwa upole: 'Umepotea?' Nikamshukuru, nikasema hapana, naishi pale. Wiki iliyofuata akasimama tena: 'Umepotea?' Mama Lambert, miaka miwili na nusu! Namwonyesha nyumba kwa kidole, unaona bomba lile la moshi? Anasema, aa, vizuri sana. Jumanne inayofuata, kioo hicho kinashuka!"

Hapo sauti yake ilipanda kidogo, ile ya zamani, na nikafurahi. Lakini akajisikia mwenyewe, akaangalia dirishani, akaishusha.

Akaniambia kwamba siku moja aliimba akianika nguo. Kesho yake akakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango, mwandiko mzuri, na mwishoni mtu amechora uso unaocheka. Ilisema: tunakukumbusha tu kwa upendo kwamba hapa tunapenda utulivu. Hakujua ni nani aliyeandika. Majirani wote walimtabasamia kama jana.

"Afadhali wangekutukana," nikasema.

"Si ndiyo! Mtu akikutukana unamjua. Unamjibu, mnagombana, jioni anakuja kuomba chumvi."

Halafu akanihadithia habari ya kilio. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikufa, mzee aliyekuwa akimpungia mkono. Denise akafanya kama anavyofanya mtu. Akapika sufuria ya maharage, akajifunga kitenge, akaenda. Mjane akafungua mlango, akasema asante, umefanya wema mkubwa, akapokea sufuria, akafunga mlango.

"Nikafikiri amekwenda kuiweka jikoni, atarudi kunifungulia," Denise akasema. "Nikasubiri. Wafiwa wana mambo mengi. Nikasubiri tena. Nikasema labda wengine wakifika tutaingia pamoja. Hakuna aliyefika. Sasa nirudi nyumbani, nimwache mama wa watu peke yake na maiti?"

"Uliondoka?"

"Nilitandika kitenge cha pili, nilichojitanda, kwenye majani mbele ya mlango wake, nikanyoosha miguu, nikakaa. Nikaanza wimbo wa kilio, taratibu. Kumbe hata maiti haikuwemo, walishaipeleka kwenye chumba cha baridi, wakaizika baada ya wiki tatu. Mapazia ya nyumba zote yanatikisika. Saa moja ikapita, gari likafika. Nikasema Mungu ni mwema, mfiwa mwenzangu huyo! Kumbe ni msimamizi wangu wa kazi. Akachuchumaa karibu yangu kama mtu anayeongea na mtoto: 'Denise, watu wana wasiwasi juu yako.' Juu yangu! Mtu amekufa, wana wasiwasi juu yangu!"

Nilicheka mpaka Lambert akaanza kucheka naye, ingawa hana meno. Denise hakucheka.

"Sufuria ilirudishwa kesho yake mlangoni," akasema. "Imeoshwa, inang'aa. Na kadi ndani. Hawakubisha hodi."

Jumamosi ndipo mambo yalipoharibika. Mchana watoto wa jengo huwa wanakusanyika chini na kuitana. Wakasimama kwenye lami wakapiga kelele, "Héri! Héri, woza!" yaani njoo, maana kwao bila Héritière mchezo hauanzi. Mtoto akarukia dirishani, akajibu kwa sauti, na hapo nikaisikia sauti ya mamake ya pale kwenye robot, ile ile, kama imerithiwa pamoja na pua.

Denise akamvuta kwa nyuma, akamziba mdomo. "Shh! Majirani!"

Ghorofa ya juu yetu kanisa lilikuwa linapiga ngoma. Chini Jocelyne alikuwa anamfokea muuza nyanya. Majirani gani?

Nilishindwa kuvumilia. "Denise, mwachie mtoto! Hapa ni Yeoville!"

Akamwachia. Héritière hakulia. Alimgeukia mamake, akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili anakisikia tu, hakisemi: kule tunakokwenda, nani atasimama chini aniite?

Denise akaenda jikoni bila kubisha hodi. Akaanza kuosha vikombe nilivyokuwa nimeshaviosha.

Nikamfuata. Nilikuwa na hasira ya siku kumi na tatu, na nilitaka kuimaliza yote. "Wapo watoto kule au hawapo?"

"Yupo mmoja. Anapelekwa shule kwa gari, anarudishwa kwa gari. Sijawahi kuiona miguu yake."

"Basi tafuta kazi mjini."

"Kibali changu ni cha kazi ile ya yule mzee tu. Nikiiacha, nimeacha kila kitu."

"Basi mwache hapa. Hapa ana watu."

"Mwaka mwingine?" Akaweka kikombe chini. "Ukimwita wewe, anakuja anakimbia. Nikimwita mimi, anakutazama wewe kwanza. Mwaka mwingine nitakuja kama tantine kweli, na zawadi kwenye mfuko. Mama Lambert, mimi ndiye niliyemzaa."

Nimezaa pia, najua. Chini watoto walikuwa wanaita tena, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejibu kutoka dirishani kwangu.

Denise akafuta mikono kwenye kitenge. Akaongea kwa ile sauti yake mpya, ndogo, ambayo nimeichoka.

"Mtoto haniamini mimi bado. Wewe hajawahi kukusikia ukidanganya. Nakuomba, kabla ya Alhamisi, akiuliza tena kama kule kuna watoto, mwambie wapo. Mwambie ni wengi."