Mahali pa Kumpigia Picha Nastaran

"Talaat, hebu niambie ukweli. Mto hauna hata tone, kunguru wenyewe wamehama. Kila alasiri wewe unateremka darajani, unamngoja nani?"

Aliyeuliza ni Bi Batul, jirani wa mlango kwa mlango, siku hiyo akichambua dengu kizingitini na sinia mapajani. Bi Talaat alikuwa ameshajitanda mtandio wake wa maua, tayari kwenda.

"Nangoja maji," akasema.

"Maji? Si ufungue bomba, mwanamke wewe!"

"Ya bomba hayabebi bata, Batul."

Batul akacheka mpaka dengu zikamwagika, kisha akainama kuziokota, maana alijua Talaat hakuwa anatania. Mtaa mzima wa nyuma ya Daraja la Khaju, mjini Isfahani, ulijua. Nastaran, kitinda mimba wake na binti yake wa pekee, alikuwa ameshasomewa nikahi, na miezi ya maombolezo ya Muharram na Safar ikiisha angefanyiwa harusi na kuchukuliwa na mumewe mpaka Bandar Abbas, mwendo wa siku nzima kwa gari. Talaat hakuwa na makuu. Hakulilia mahari kubwa wala ukumbi wa vioo. Alitaka picha moja tu ya bibi harusi, nyuma yake mto unakwenda chini ya matao ya Khaju, aitundike ukutani pale juu ya birika la chai, ili nyumba itakapobaki na mtu mmoja awe na pa kutazama.

Ukimjua Talaat alikotoka, hutamshangaa. Alizaliwa Varzaneh, kule mto unakoishia, ambako wanawake hujitanda nyeupe tupu na mchanga unaanza nyuma ya shamba la mwisho. Baba yake alilima kwa maji yaliyobaki baada ya Isfahani nzima kunywa, kufua na kumwagilia. Akiwa na miaka kumi na saba aliposwa na Rajabali, kijana wa mjini aliyekodisha boti pale Khaju, zile boti nyeupe zenye shingo ya batamaji, mnakaa wawili mnakanyaga pedeli. Mama yake alimwambia, "Nenda mwanangu, unahamia kichwani mwa mto." Wakaoana mwaka wa vita, mji unapigwa mabomu, hakuna aliyethubutu kwenda kupiga picha mtoni. Walipigwa studio, mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mabata. Rajabali alilitazama lile pazia akasema, "Afadhali haya. Hayataki kusuguliwa."

Maana mabata yake ya kweli, zile boti, yalitaka kusuguliwa. Kila Jumatano Talaat aliingia majini mpaka magotini na brashi na sabuni, akayasugua moja moja, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya maharusi. Enzi hizo hakuna aliyeuliza picha ipigwe wapi. Bwana harusi kinyozi, bwana harusi mwalimu, bwana harusi muuza vitambaa, wote walikuja Khaju. Bibi harusi anateremka ngazi za mawe amefunikwa joho jeupe mpaka kwenye nyusi, mashangazi nyuma wanapiga vigelegele, mpiga picha anapiga kelele kutoka ng'ambo, "Kanyaga, bwana harusi, unaogopa nini!" Na Rajabali, ambaye watu walimwita Mashdi tangu alipozuru Mashhad, amesimama ndani ya maji na suruali imekunjwa, anashikilia shingo ya bata isiyumbe. Ukipekua albamu za nyumba nyingi za Isfahani utaona kwenye kona ya picha mkono wa mtu. Mkono ule ni wa Mashdi Rajab, Mungu amrehemu.

Kisha mto ukaanza kukatika. Kwanza miezi ya joto tu, baadaye mwaka mzima, maji yanafunguliwa kutoka bwawa kubwa la juu siku chache kwa ajili ya wakulima na kufungwa tena. Mabata yakakaa kwenye udongo uliopasuka kama yametaga. Rajabali aliendelea kwenda kuyalinda. Watoto wakimkejeli, "Mashdi, nitembeze kidogo na bata lako!" na yeye anajibu, "Panda, nitasukuma." Akafa hivyo hivyo, kiti chake bado kiko pale ukingoni.

Ndiyo sababu Nastaran na Elnaz, msichana mpiga picha, walipokuja jioni moja kuchagua mahali, Talaat aliwawekea chai na gazi, zile peremende nyeupe za pistachio, akakaa mkao wa kupigana.

Elnaz akafungua simu. "Mama, tazama. Hapa ni uwanja mkuu, kwenye gari la farasi."

"Farasi atajisaidia kwenye gauni."

"Haya, vichochoro vya Jolfa, ukuta wa udongo, mwanga wa jioni mzuri ajabu."

"Ukuta wa udongo ninao hapo uani, njoo upige bure."

Nastaran akaingilia, "Mama, basi twende kwenu. Mchangani Varzaneh. Siku hizi maharusi wote wanakwenda kule, na ngamia."

Talaat akaweka kikombe chini. "Mchanga ule nimeukimbia nikiwa msichana, leo uniletee kwenye ukuta wangu? Baba yako alimshikia bata kila bibi harusi wa mji huu, wewe ukapigwe picha na ngamia?"

Elnaz akasema taratibu, "Wengi huchukua bustani nje ya mji, mama. Ina ukuta mrefu, bibi harusi anaweza kuwa wazi kichwa bila wasiwasi. Na ina bwawa."

"Bwawa la pampu."

"Ni maji, mama."

"Yanazunguka pale pale, mwanangu. Hayaendi popote."

Yunes, bwana harusi, alikuwa amekaa karibu na mlango, kijana wa kusini, mweusi kidogo, mcheshi. Akasema, "Mama mkwe, sisi kwetu tuna bahari nzima, na nyinyi mnagombania mfereji! Nitakupigia bahari yote, uitundike ukuta mzima."

"Bahari ni yako, bwana. Mto ni wa baba yake."

Nastaran akamjazia mama yake kikombe. Hakuwa mtoto wa kubisha. Akasema, "Basi iwe Khaju. Maji yakija."

Talaat akaweka nadhiri usiku ule kwenye mkeka wa sala: maji yakiwahi, atapika wali mtamu wa zafarani sufuria zima na kuugawa mtaani.

Na kweli, Safar ilipoisha, habari zikazagaa kwamba wakulima wa mashariki watapewa maji ya kupandia ngano. Hedayat, mpwa wa marehemu Rajabali, alikuwa mlinzi kule juu kwenye bwawa kubwa. Siku mbili kabla ya harusi, jioni, akapiga simu. "Shangazi, wamefungua! Nimeyaona kwa macho yangu."

Talaat alipiga kigelegele peke yake jikoni. Hesabu aliijua tangu ujana wake, Rajabali alikuwa akiisema kila mara akipokea simu kama hiyo: wakifungua jioni, kesho kutwa asubuhi mabata yanaelea. Kesho kutwa ni Alhamisi. Siku yenyewe ya harusi! Akampigia Elnaz pale pale. Elnaz akasema ni sawa, ila bustani aliyokwisha kuikodi kwa saa kumi alasiri hataifuta, kwa tahadhari. "Tahadhari ya nini?" Talaat akauliza, na akakata simu akicheka. Akapima mchele wa nadhiri usiku huo huo.

Alhamisi asubuhi Nastaran alitoka saluni akiwa kama mwezi. Yunes akamleta kwa gari lililopambwa maua, bibi harusi akateremka ngazi za Khaju na joho lake jeupe, Bi Batul mbele na kifukizo cha kuondoa jicho baya, Elnaz nyuma na kamera. Watu walikuwa wameshajaa. Watu wa Isfahani hawahitaji tangazo. Wakisikia maji yanakuja hutandika mikeka, huleta chupa za chai na mbegu za alizeti, hukaa wakitazama upande wa magharibi kama wanaomngoja hujaji. Chini ya tao moja mzee alikuwa akiimba kwa sauti ya kuchoma moyo. Talaat alikuwa amelisugua bata moja tangu alfajiri, jeupe pe, limekaa kwenye udongo mkavu. Akamkalisha binti yake ndani.

"Ukae hivyo hivyo. Yakifika yatakunyanyua yenyewe."

"Ndege inangoja ruhusa ya kuruka," Yunes akasema, na watu wakacheka.

Wakangoja. Mchele ukawa umeiva nyumbani, Batul akaenda akautia zafarani akarudi. Watoto walikimbia kwenye mchanga wa mto mpaka mbali, wanarudi, "Bado!" Adhana ya adhuhuri ikatoka, Talaat akasali pale pale juu ya jiwe. Alipotoa salamu ya mwisho akageuka kushoto, akauona udongo vile vile, na nyufa zake.

Kisha akaja mtu wa pikipiki kutoka juu, vumbi mpaka kope. Watu wakamzunguka.

"Yako wapi?"

"Yako mbali bado! Yanatembea kama mgonjwa. Mchanga unayanywa kwanza, ndiyo yasogee. Leo sahauni. Na kesho pia."

Talaat alielewa mara moja. Hesabu ya Rajabali ilikuwa ya mto wenye unyevu, mto uliokuwa unapokea maji juu ya maji. Huu wa leo ulikuwa na kiu ya miaka, na wenye kiu hawakumbuki harusi ya mtu. Yeye, aliyezaliwa mwisho wa mto, mtoto wa baba aliyekunywa mabaki, amesahau kwamba ardhi hunywa kwanza!

Nastaran alikuwa bado ndani ya bata. Tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu mdomoni, rangi ya midomo imeanza kukatika, jasho linamtiririka ndani ya joho. Akamwona mama yake akija, akasema kabla hajaulizwa, "Mimi nangoja, mama. Hata wageni wakifika ukumbini, wataningoja."

Hapo ndipo Talaat alipomtazama vizuri. Alikuwa amekuja kumwona msichana mbele ya maji, na hakuwa amemwona msichana.

"Teremka," akasema. "Nendeni bustanini."

"Mama..."

"Teremka, roho yangu, saa kumi hiyo inakaribia. Elnaz, mpe maji anywe kwanza. Na mkate. Batul, huna hata mkate?"

Batul alikuwa nao. Batul hakosi mkate. Akamlisha bibi harusi vipande vidogo vidogo asije akaharibu midomo, huku akimnong'oneza Talaat, "Na picha yako?"

"Picha ni yake."

Kule bustanini mambo yalikwenda vizuri. Ukuta mrefu, waridi, bwawa la pampu. Yunes aliteleza ukingoni akatumbukiza mguu mmoja na kiatu chake kipya, na Nastaran akacheka kicheko chake kile cha utotoni, kichwa nyuma, na Elnaz akakiwahi kwa kamera. Ilitoka picha nzuri kuliko zote. Talaat mwenyewe alisema hivyo, na hakusema kwa kujikaza. Usiku wali wa zafarani ukagawiwa ukumbini, ingawa nadhiri haikutimia. Alisema Mungu hadaiwi.

Jumamosi alfajiri mizigo ilikuwa garini tayari. Talaat alikuwa anamfunga binti yake kitambaa cha kichwa, anakifungua, anakifunga tena, Batul alipogonga mlango kwa kiganja.

"Talaat! Yanakuja! Toka!"

Hawakuvaa hata viatu vizuri. Walipofika Khaju watu wamesimama juu ya daraja kama mchwa, na kule magharibi, kwenye mchanga, kitu cheusi kilikuwa kinatambaa. Kilikuja polepole, ulimi mwembamba wa kahawia, una povu na majani makavu na chupa za plastiki mbele, kinaingia kila ufa, kinajaa, kinasogea tena. Watu wakamsalia Mtume kwa sauti moja. Maji yakapita tao la kwanza, la pili, yakafika kwenye bata lile moja jeupe, yakalizunguka, yakalitikisa kidogo, na likaelea.

Nastaran alikuwa na koti la safari na raba miguuni. Akaingia na raba zake mpaka kwenye vifundo, akasimama hapo analia. Yunes akatoa simu akampiga picha, akamwonyesha Talaat: pua nyekundu, kitambaa kimelegea, nyuma yake kichwa cha mtu aliyekatiza.

"Si ile uliyoitaka, mama," akasema kwa aibu.

Talaat akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia. Alitazama ng'ambo, pale ambapo Rajabali alikuwa akisimama na suruali imekunjwa. Maji yalikuwa yanakwenda mashariki, Varzaneh alikolima baba yake, kwenye mashamba ya ngano, na baada ya siku chache yangefungwa tena.

Safari ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshachomoza, basi Yunes akaenda kulileta gari mpaka ukingoni. Bi Batul alikuwa amefika na bakuli lake la kumwaga nyuma ya gari ili wasafiri warudi salama, na alikuwa amelijaza maji ya bomba, mto unapita mbele yake. "Mazoea, jamani!" akasema watu walipomcheka. Nastaran akapanda gari, raba zinadondosha maji. Yunes alikuwa amefungua mlango wake ili aingie, Talaat akamshika mkono.

"Yunes, mwanangu," akamwambia, "wakifungua tena maji nitakupigia simu. Mlete."