Jamvi la Mama Kulwa

Leo asubuhi majirani wamekuja kwenye msiba wangu, na mlango nimewafungulia mwenyewe.

Nilikuwa natazama tamthilia. Mume yu mahututi, mkewe anamnong'oneza. Sikusikia neno, nikaongeza sauti. Bado. Nikaipandisha hadi mwisho.

Hapo ndipo mume akafa.

Vilio vya wanawake wa kwenye runinga vikatikisa bati. Rimoti ikaniponyoka, ikaingia chini ya kochi. Nikiwa nimepiga magoti naitafuta, mlango ukagongwa.

Alikuwa jirani yangu Mama Kulwa, amejifunga kanga kiunoni, jamvi kichwani. Nyuma yake mumewe amebeba benchi.

"Mzee wangu! Kumbe upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Basi shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeacha uji jikoni kwa ajili yako! Njiani najiuliza, hao waliotuwahi kulia ni akina nani?"

Nilicheka, nikampokea jamvi. Nilitoka Lindi nikiwa kijana, na hapa Geita sina ndugu hata mmoja. Miaka yote hii nimejiuliza, siku yangu ikifika, nani atakuja kutandika jamvi.

Tulilitandika sebuleni, tukanywa chai, tukaimalizia tamthilia pamoja. Alichonong'ona yule mke hakuna aliyekijua.

Anayejua namna ya kuzifanya hizi sauti za runinga, mnong'ono na kilio, zilingane anielekeze hapa chini kwenye maoni.

Lile swali langu jingine limeshajibiwa.